Uchambuzi: Nani analipia hadithi unayoisoma kwenye simu yako?

Huenda umewahi kuipata hadithi ya namna hii kwenye kundi la WhatsApp. Binti ametoka kijijini kwenda mjini kufanya kazi za ndani. Mwenye nyumba anamwangalia kwa jicho lisilo la kawaida. Usiku mlango unagongwa. Unasoma sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu bila kulipa chochote. Ya nne inaishia pale kitasa kinapozunguka, na chini yake kuna maelezo: anayetaka sehemu ya tano hadi ya mwisho atume shilingi 1,000 kwa namba hii, kisha aandike jina lake.

Na watu wanatuma. Anatuma mama anayeuza maandazi, anatuma dereva wa bodaboda anayesubiri abiria, anatuma mwalimu aliyepangiwa shule ya mbali. Hili ndilo soko la hadithi lililo karibu zaidi na kijiji kwa sasa. Halihitaji duka la vitabu, na vijiji vingi havina duka hilo. Linahitaji simu, bando na salio la M-Pesa au Airtel Money.

Wapo wanaolilaumu soko hili. Wanasema waandishi wa kwenye simu wanaandika kwa ajili ya hela tu, ndiyo maana hadithi zao zimejaa mapenzi, visasi na uchawi, na kwamba mwandishi wa kweli huandika kutoka moyoni. Wengine wanajibu kwamba moyo haulipi kodi ya nyumba, na kwamba hadithi isiyosomwa na mtu haina faida hata ikiwa imetoka moyoni kiasi gani.

Mjadala huo ni wa zamani, na kila upande una ukweli wake. Lakini kuna swali ambalo pande zote mbili hulisahau. Kabla ya kuuliza kama mwandishi ameandikia soko au ameandika kutoka moyoni, tuulize kwanza soko lenyewe ni nani. Nani analipa? Na je, anayelipa ndiye anayesoma?

Zao la chakula na zao la biashara

Mkulima analielewa jambo hili bila kuelezwa sana. Mkulima wa Mtwara ana mikorosho, na pembeni ana muhogo. Wa Shinyanga ana pamba, na ana mtama au mahindi. Korosho na pamba ni za kuuza, muhogo na mtama ni wa kula nyumbani. Hakuna anayemwambia mkulima huyu kwamba haipendi ardhi yake kwa kuwa anauza korosho. Na kila mmoja anajua hatari iliyopo: anayepanda zao la biashara peke yake, mwaka bei ikianguka hana cha kupika, anayelima chakula peke yake hana ada ya mtoto.

Mwandishi naye yuko hapo hapo. Anahitaji hela, na anayo mambo ambayo angeyaandika hata kama hakuna wa kumlipa.

Ila kuna tofauti moja kubwa. Korosho haibadiliki ladha kwa sababu mnunuzi ametoka India au Vietnam. Hadithi hubadilika. Mnunuzi wa hadithi akijulikana kabla haijaandikwa, anaingia ndani yake. Anachagua mhusika, anachagua mwisho, anachagua lipi lisemwe na lipi linyamaziwe. Kwa hiyo ni vizuri tuwatazame wanunuzi hawa mmoja mmoja.

Mnunuzi wa kwanza: shule

Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa vitabu vya hadithi vya Kiswahili, Tanzania na Kenya, amekuwa shule. Mwulize Mtanzania aliyemaliza kidato cha nne akutajie vitabu vya fasihi alivyosoma, na utasikia majina yale yale: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu, Ngoswe, Wasakatonge. Mkenya aliyefanya mtihani wa kidato cha nne katika miaka ya karibuni atakutajia Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, Chozi la Heri cha Assumpta Matei, Kigogo cha Pauline Kea au Bembea ya Maisha cha Timothy Arege.

Kitabu kikiteuliwa kuwa cha mtihani, kinauzika kila mwaka kwa sababu kila mwaka kuna wanafunzi wapya. Kisipoteuliwa, mara nyingi hukaa kwenye rafu. Ndiyo maana mchapishaji anapopokea muswada, yaani maandishi ambayo hayajawa kitabu, swali lake la mapema ni kama utaingia shuleni. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Karatasi, wino na usafirishaji ni gharama, naye anatafuta namna ya kuzirudisha.

Shule inanunua nini basi? Inanunua kitabu kisicho kirefu mno, chenye lugha ya adabu, na chenye dhamira zinazoweza kuorodheshwa: rushwa, umaskini, nafasi ya mwanamke, mgongano wa mila na usasa. Yeyote aliyewahi kukaa darasani analikumbuka swali la mtihani linalotaka hoja tatu kutoka katika kila kitabu. Mwandishi anayeijua hali hiyo anaweza kuanza na hoja tatu, kisha akazitafutia watu wa kuzibeba. Unaposoma hadithi ukahisi kwamba wahusika wanahutubiana, huenda ndivyo ilivyotokea.

Lakini angalia jambo hili. Anayeteua kitabu cha shule ni watu wazima wachache. Anayekilipia ni mzazi au serikali. Anayekisoma ni mtoto wa miaka 16, ambaye hakuulizwa. Katika soko hili msomaji si mnunuzi.

Historia ya Rosa Mistika inaonyesha ugumu wake. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1971. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alikuwa kijana wa miaka 27, mzaliwa wa Ukerewe. Aliandika juu ya msichana wa kisiwani anayelelewa kwa ukali mkubwa na baba yake, na yanayompata akishatoka mikononi mwa baba huyo na kwenda kusoma. Kitabu kilisema wazi mambo ambayo wazazi na walimu hawakuyasema mbele ya watoto. Kwa muda kikazuiwa shuleni. Baadaye kikaruhusiwa, na wanafunzi wengi wakakisoma darasani.

Kama Kezilahabi angeanza kwa kujiuliza shule inataka nini, Rosa Mistika isingeandikwa. Na kama shule isingekuja kuikubali, wengi tusingeisoma. Moyo ulitangulia, soko likafuata nyuma, tena kwa kuchelewa.

Mnunuzi wa pili: mfadhili

Mnunuzi wa pili ni shirika, wizara au mradi wenye ujumbe wa kufikisha: uzazi wa mpango, UKIMWI, malaria, haki za mtoto, utunzaji wa mazingira. Huyu hulipia vijitabu, maigizo na michezo ya redio. Sisi wa redio tunamfahamu vizuri. Vipindi vingi unavyovisikia vimelipiwa kwa njia hiyo.

Ni rahisi kudhani kwamba kazi ya namna hii haiwezi kuwa na moyo, kwa kuwa ujumbe umeamuliwa kabla ya hadithi. Wasikilizaji wa umri fulani wanajua kwamba si lazima iwe hivyo. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Ulitungwa kwa kusudi maalumu: kuwafanya watu wazungumze juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Hata hivyo watu walikusanyika kwenye redio kwa ajili ya Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyechoka kuvumilia. Waliwajua akina Mkwaju katika kijiji chao wenyewe.

Tamthiliya ya Orodha ya Steve Reynolds, ambayo imesomwa sana shuleni Tanzania, nayo inahusu UKIMWI. Msichana Furaha anafariki na kuacha barua yenye orodha. Wanaume kadhaa wanaogopa kwamba majina yao yamo, na wanahangaika ili isisomwe. Inaposomwa, haina jina la mtu hata mmoja. Imetaja mambo ambayo yangeweza kumwokoa. Ujumbe ule ule ungeweza kuandikwa kwenye bango la zahanati. Kilichoufanya ubaki kichwani mwa msomaji ni hofu ya wale wanaume, ambayo kila mtu ameshaiona katika msiba fulani.

Kinachotofautisha kazi hizi na mamia ya vijitabu vilivyosahaulika ni kwamba mwandishi alimtazama binadamu hadi akamwona, ingawa alilipwa kwa ajili ya ujumbe. Mhusika mbaya alipewa mvuto wake, na mhusika mwema akapewa makosa yake. Pale mfadhili anapokataa jambo hilo, pale anapotaka kila mwenye tabia mbaya awe mbaya tangu mwanzo na aadhibiwe mwishoni, msikilizaji analijua somo kabla halijafika, na anazima redio.

Mnunuzi wa tatu: msomaji wa mtaani

Mnunuzi wa tatu ndiye anayesoma kwa hela yake mwenyewe. Huyu naye si mgeni. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, hadithi ya upelelezi, na wasomaji wakaipenda. Baada yake wakaja akina Hammie Rajab, Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Vitabu vyao vilipita mkono kwa mkono, vikasomwa kwenye treni na mabasi mpaka majalada yakachanika. Wakosoaji waliviita riwaya pendwa, na mara nyingine neno hilo lilitamkwa kwa dharau, kana kwamba kupendwa na watu ni kasoro.

Lakini msome Musiba kwa makini. Katika Kikosi cha Kisasi, mpelelezi wake Willy Gamba anapambana na watu wa makaburu wa Afrika Kusini. Zilikuwa enzi ambazo Tanzania ilikuwa imebeba sehemu kubwa ya mzigo wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, na kijana wa kawaida alitaka kuuona ushindi huo hata kama ni kitabuni. Musiba aliuza vitabu, na wakati huo huo aliandika jambo ambalo nchi yake ililiamini. Bastola na magari ya mbio vilikuwa chambo, lakini ndoana ilishika kitu cha kweli.

Kisha yakaja magazeti ya udaku na burudani na hadithi zake za mfululizo. Kila wiki hadithi ilikatwa mahali patamu na kuandikwa "itaendelea". Mtindo huo umehamia kwenye simu bila kubadilika sana. Bado kuna "ilipoishia", bado kuna "sasa endelea". Kilichobadilika ni kwamba zamani uliinunua hadithi pamoja na gazeti zima, na sasa unainunua yenyewe, na hela inakwenda moja kwa moja kwa mwandishi.

Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Katika soko la shule msomaji hakulipa. Katika soko la mfadhili msomaji hakulipa. Kwenye simu msomaji wa kijijini amekuwa mnunuzi, na mwandishi anajua ndani ya saa chache kama sehemu ya tano imependwa au haikupendwa. Mwandishi aliyeko Kasulu au Kilosa hahitaji kibali cha mtu wa Dar es Salaam ili afikishe hadithi yake Newala.

Soko hili nalo lina bei yake. Kwa kuwa mwandishi analipwa kwa kukatisha hadithi, anajifunza kukatisha kuliko kumaliza. Hadithi iliyostahili sehemu kumi inavutwa mpaka sitini. Kwa kuwa chombezo, yaani hadithi za mapenzi zisizofunika kitu, huuzika haraka, wanaojua kuandika mambo mengine nao wanasukumwa huko. Na wizi ni mwepesi. Mtu mmoja akilipa shilingi 1,000 na kuisambaza hadithi yote kwenye makundi matano, mwandishi amekosa mauzo ya wiki. Wengine huichukua, huisoma kwa sauti na kuiweka YouTube bila ruhusa wala jina la mtunzi.

Walioandika bila kumsubiri mnunuzi

Wapo waandishi walioandika pasipo kuona mnunuzi yeyote mbele yao. Shaaban Robert aliishi kwa kazi ya ukarani katika serikali ya kikoloni, si kwa vitabu. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, na ndani yake aliisema dhuluma ya watawala kwa kutunga nchi isiyokuwapo. Alifariki mwaka 1962. Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968. Hakuviona vitabu hivyo vikiwa mikononi mwa wasomaji. Leo hakuna mjadala wa fasihi ya Kiswahili unaoweza kumruka.

Mfano mwingine unatoka kijiji cha Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alikuwa tayari mwandishi mashuhuri wa Kiingereza mwaka 1977. Soko lake lilikuwa London na vyuo vikuu. Mwaka huo yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walitunga tamthiliya ya Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, pamoja na wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho. Wanakijiji waliigiza, na walirekebisha lugha pale walipoona mzee wa Kigikuyu hawezi kusema hivyo. Watu walifurika kuitazama. Baada ya wiki chache serikali iliizuia, na tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ alikamatwa. Alikaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa.

Akiwa gerezani Kamiti aliandika riwaya kwa Kigikuyu juu ya karatasi za chooni. Kwa hesabu ya biashara, kitabu hicho hakikuwa na soko: waliokuwa wakinunua riwaya walisoma Kiingereza. Kilipotoka mwaka 1980 kilinunuliwa kwa kasi na kikarudiwa kuchapwa. Kilisomwa kwa sauti majumbani na kwenye baa, msomaji mmoja akiwasomea wengi, wakiwamo wasiojua kusoma. Kiswahili kilikipata mwaka 1982 kwa jina la Shetani Msalabani.

Wachapishaji hawakuwa wamekosea kuhesabu. Walikuwa wamewahesabu watu ambao tayari wananunua. Wale wa Limuru hawakuwa wakinunua vitabu kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaandikia. Hilo ndilo tatizo la kuandika kwa kulifuata soko peke yake: soko linaweza kukwambia watu walinunua nini jana, lakini haliwezi kukwambia wangenunua nini kama kingekuwapo.

Moyo peke yake hautoshi

Tusimpambe mno mwandishi wa moyoni, maana naye ana makosa yake. Wapo wanaoandika diwani nzima ya mashairi, hawaisomi mara ya pili, hawampi mtu aikosoe, na wakiambiwa haieleweki wanajibu kwamba imetoka moyoni. Kutoka moyoni hakumwondolei mtu kazi ya kufuta na kuandika upya. Fundi seremala anayeipenda kazi yake ndiye anayepiga randa mara nyingi zaidi, na stuli yake haiyumbi.

Pia tukubali kwamba moyo mara nyingine huchagua wasomaji wachache. Kezilahabi huyo huyo, baadaye alipoandika Nagona, iliyotoka mwaka 1990, aliandika kitabu kigumu ambacho hakifuati hadithi ya kawaida. Hakikupata wasomaji kama wa Rosa Mistika, na hakikuandikwa kwa ajili hiyo. Kinasomwa zaidi vyuo vikuu, na waliokielewa hawakisahau. Mwandishi ana haki ya kuchagua hivyo, mradi ajue kwamba kitabu cha namna hiyo hakitamjengea nyumba.

Yeye alikuwa na mshahara wa uhadhiri. Shaaban Robert alikuwa na ukarani. Hili lisemwe waziwazi kwa vijana: wengi wa waandishi wetu wakubwa walikuwa na kazi nyingine. Shamba, duka, mshahara au ushonaji unaokulisha ndio unaokupa uhuru wa kumkatalia mnunuzi anayetaka uharibu hadithi yako.

Tuzo zimeongeza njia nyingine. Tangu mwaka 2023 Tanzania imekuwa ikitoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Riwaya, ushairi na hadithi za watoto ni miongoni mwa nyanja zake, na hafla yake hufanyika karibu na tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu. Ipo pia tuzo ya kimataifa ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, sasa Safal-Cornell. Uzuri wa tuzo ni kwamba muswada unaweza kusomwa na watu makini kabla mchapishaji hajauliza kuhusu shule. Lakini jopo la majaji nalo ni mnunuzi wa aina yake. Kijana akianza kuandika kwa kukisia majaji wanapenda nini, amerudi kule kule.

Kijiji kinapoteza nini

Kwa nini jambo hili limhusu msikilizaji wa kijijini, ambaye huenda hana mpango wa kuandika kitabu? Kwa sababu kila mnunuzi tuliyemtaja ana picha yake ya kijiji, na picha hiyo inasambaa.

Katika hadithi nyingi za shule, kijiji ni mahali pa mila potofu ambapo mtoto wa kike anaokolewa na elimu. Katika hadithi za mfadhili, kijiji ni mahali penye tatizo linalosubiri mradi. Katika hadithi za simu, kijiji ni mahali pa uchawi, ambako mhusika anatoka sehemu ya kwanza na harudi tena. Mambo hayo yote yapo, hatuwezi kuyakana. Lakini aliyeishi kijijini anajua mengine mengi ambayo hayana mnunuzi wa haraka: ugomvi wa mpaka wa shamba kati ya ndugu wawili waliokula sahani moja, mgawanyo wa hela za korosho usiku zinapoingia, mwanamke anayeongoza kikundi cha kukopeshana na kujua siri za nyumba zote, kijana aliyerudi kutoka mjini na kudanganya kwamba yuko likizo. Mambo hayo yasipoandikwa na wanaoyajua, yataandikwa na wanaoyakisia, au hayataandikwa kabisa. Na mtoto wa kijijini atakua akisoma kwamba maisha yenye hadithi yako kwingine.

Ukitaka kuandika

Ikiwa wewe ni mmoja wa wanaoandika, au unafikiria kuanza, zingatia mambo machache.

Andika rasimu ya kwanza ya jambo unalolijua, kabla hujauliza nani atanunua. Swali la mnunuzi lina nafasi yake, na nafasi hiyo ni baada ya hadithi kusimama. Hapo uliza: hii inafaa kwenye simu, shuleni, kwenye tuzo au redioni? Kisha punguza au panga upya, bila kuondoa kile kilichokufanya uandike.

Usiuze muswada kama mtu anayeuza korosho kwa kangomba. Mkulima mwenye shida huchukua hela ndogo leo, na mnada ukifika faida ni ya mwingine. Ukiuza haki zote kwa malipo ya mara moja, kitabu kikija kuteuliwa shuleni huna chako. Mkataba wa kawaida humpa mwandishi mrabaha, yaani asilimia fulani ya kila nakala inayouzwa. Kama kitabu ni shilingi 8,000 na mrabaha ni asilimia 10 ya bei hiyo, unapata shilingi 800 kwa kila nakala. Uliza mrabaha unahesabiwa kwa bei ipi, unalipwa lini, na nani mwenye haki ya kukitafsiri au kukifanya filamu. Mkataba usioueleweka usisainiwe siku hiyo hiyo.

Fahamu pia kwamba kazi ni mali yako tangu unapoiandika. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi ya COSOTA ndiyo inayosajili kazi na kusikiliza malalamiko. Kenya kuna KECOBO. Haki haianzi kwa usajili, lakini siku ya mgogoro usajili ni ushahidi mzuri. Hifadhi rasimu zako zenye tarehe, hata kama ni daftari la mkono.

Na wewe msomaji

Asiyeandika naye ana sehemu yake, pengine kubwa kuliko anavyodhani. Zamani tungeweza kusema kwamba vitabu vibaya ni kosa la wachapishaji, wizara au wafadhili. Kwenye simu hatuwezi kusema hivyo. Hapo soko ni sisi. Mwandishi wa Kilosa anatazama meseji za malipo kila jioni, na meseji hizo ndizo zinazomwambia kesho aandike nini.

Ukilipia chombezo tu, ataandika chombezo. Ukipokea hadithi nzuri ya bure iliyoibwa na kuisambaza, umemwambia aache. Lakini siku ukikutana na hadithi iliyokufanya useme "huyu anatujua", mlipe hiyo shilingi 1,000, kisha mwandikie mstari mmoja kumweleza ni sehemu gani iliyokugusa. Mwandishi wa simu hupata maombi mengi ya kuharakisha sehemu inayofuata. Ni mara chache anapata neno la kumwambia kwamba alichokiandika ni kweli.